Kiboko wa Kilombero na ndugu yake mwenye mafuta

Mwezi Novemba, mvua zikiwa bado hazijashika, jua la Lipangalala, Ifakara, halina mzaha. Ifakara yote imekaa bondeni, mita zipatazo 270 tu juu ya usawa wa bahari, Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili. Saa saba mchana bodaboda wamejibanza kwenye vivuli vya miembe, na watoto wanaouza barafu za ukwaju hawana haja ya kupiga kelele kutafuta wateja. Mtu akianzisha hapo mazungumzo ya wanyama wanaoishi kwenye theluji, ataulizwa kama jua limempiga kichwani.

Mazungumzo hayo, hata hivyo, yana pa kuanzia papo hapo. Barabara ya kwenda Mahenge ikishaacha mji inavuka Mto Kilombero juu ya Daraja la Magufuli, na katika mto huo wanaishi viboko. Mchana huonekana masikio, macho na pua tu. Mwili wenyewe umezama: tani moja na nusu kwa wastani, na dume aliyekomaa anaweza kupita tani tatu. Wandamba, ambao kizazi baada ya kizazi wamepiga kasia katika maji haya wakitafuta kambale, perege na kitoga, wanamfahamu vizuri. Zamani walimwinda, siku hizi humpisha njia.

Waliosoma zamani watasema kiboko ni jamaa ya nguruwe. Ndivyo vitabu vilivyofundisha kwa muda mrefu, kwa kutazama meno. Katika miaka ya 1990 maabara mbalimbali zilianza kulinganisha vinasaba, na majibu yakawashangaza hata waliokuwa wakiyatafuta: kati ya wanyama wote walio hai leo, aliye ndugu wa karibu kabisa wa nyangumi ni kiboko. Wataalamu wa visukuku walisitasita mpaka mwaka 2001, ilipochapishwa habari ya mifupa ya nyangumi wa kale iliyofukuliwa Pakistan. Nyangumi hao walikuwa bado na miguu, na kwenye kifundo kulikuwa na ule mfupa mdogo wenye mabonde mawili ambao kila aliyewahi kuchuna mguu wa mbuzi ameuona. Mfupa huo unao mbuzi, ng'ombe na kiboko. Basi ukoo ukathibitika. Inakadiriwa kwamba miaka milioni 55 hivi iliyopita ukoo huo uligawanyika. Tawi moja likaishia mitoni Afrika, jingine likaingia baharini na halikurudi tena.

Mpaka leo mto mmoja unawaunganisha. Maji ya Kilombero hukutana na ya Luwegu yakafanya Rufiji, na bonde hili peke yake huchangia takribani asilimia 62 ya maji yote ya Rufiji. Yanapita Bwawa la Julius Nyerere, yanagawanyika katika mikoko ya delta, kisha yanamwagika baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Na katika bahari hiyo, kati ya Julai na Oktoba au Novemba, hupita nyangumi nundu waliotoka kwenye maji ya barafu ya Antaktika, safari ya zaidi ya kilomita 5,000. Ndugu mmoja yuko juu ya mto, mwingine yuko mdomoni mwake, na kinachowatofautisha zaidi ni mafuta.

Kiboko ana umbo la mnyama aliyeshiba mafuta, lakini umbo linadanganya. Ngozi yake ndiyo nene, sehemu nyingine za mwili hufikia sentimita tano, na chini yake mafuta ni tabaka jembamba tu. Nyangumi nundu, mwenye urefu wa mita 13 hadi 16 na uzito wa tani zipatazo 30, amezungukwa na shahamu tangu kichwani hadi karibu na mkia, kama sentimita 15 na zaidi akiwa amenenepa. Nyangumi wa Aktiki, yule mweusi mwenye kidevu cheupe ambaye haondoki kwenye maji ya barafu ya kaskazini na anayeweza kuishi zaidi ya miaka 200, ndiye bingwa: shahamu yake hukaribia nusu mita.

Sababu iko kwenye maji. Maji hunyang'anya mwili joto mara 25 hivi upesi kuliko hewa ya baridi ileile. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama na shati tu asubuhi ya Julai, lakini akiingia mtoni saa hiyo meno yanagongana. Sasa mchukue mnyama mwenye damu ya moto, nyuzi joto 36 au 37 ndani ya mwili, umweke katika bahari ambayo maji yake yako karibu kabisa na kuganda, na ambayo haiishi. Hana shimo la kujificha, hana moto wa kuota, na hata usingizi analala humohumo majini. Bila kizuizi kinene kati ya damu na maji, joto lake lingekwisha.

Shahamu ndiyo kizuizi hicho, na si mafuta ya kawaida kama yale yanayoonekana kwenye nyama ya buchani. Ni tishu kamili. Chembe zilizojaa mafuta zimefumwa ndani ya nyuzi imara za kolajeni, na katikati yake imepita mishipa ya damu. Nyuzi hizo huifanya iwe ngumu kiasi, inayonepa bila kuning'inia, kwa hiyo mwili wa nyangumi au sili unakuwa laini na mrefu, wa kukata maji. Mafuta pia ni mepesi kuliko maji, hivyo mwenye nayo huelea bila kutumia nguvu nyingi. Mishipa ya damu nayo ina kazi yake. Mnyama akihisi baridi, mishipa hubana na damu moto hubaki ndani. Akiogelea kwa kasi na joto likazidi, mishipa hufunguka, damu ikapenya hadi kwenye ngozi na kupoa.

Mapezi na mkia hayana shahamu ya maana, na hapo joto lingevuja bure. Lakini kila mshipa unaopeleka damu moto kwenye pezi umezungukwa na mishipa midogo inayorudisha damu baridi. Damu inayotoka humpasha joto jirani yake anayerudi kabla haijafika kwenye maji, na joto linabaki nyumbani. Mpango huu unao pomboo, sili, hata pengwini katika miguu yao. Mhandisi wa mitambo angeuita kazi safi.

Ukubwa wa mwili nao unasaidia. Sufuria la wali wa harusi hubaki moto saa nyingi wakati kikombe cha chai kimeshapoa, kwa sababu kitu kikubwa kina eneo dogo la nje kulinganisha na kilicho ndani. Nyangumi ndiye mnyama mkubwa kuliko wote, na hilo pekee lilishampunguzia nusu ya taabu. Mtoto wake ndiye mwenye shida.

Mwalimu wa sayansi wa shule yoyote ya Ifakara anaweza kuonyesha jambo hili darasani bila maabara. Zinahitajika ndoo ya maji yenye vipande vya barafu, mafuta ya kupikia yaliyoganda kama Kimbo, na mifuko mitatu ya nailoni ya kufungashia. Mwanafunzi avae mfuko mmoja mkono wa kushoto. Wa kulia avae mfuko uliozungushiwa mafuta kwa unene wa kidole, mfuko mwingine juu yake. Aingize mikono yote miwili kwenye ndoo. Mkono wa kushoto utaanza kuuma kabla dakika haijaisha. Wa kulia utakaa humo huku mwenyewe akiangalia saa.

Mwaka 1984 bahari ilimfanyia binadamu jaribio kama hilo, bila kumwomba ruhusa. Usiku wa mwezi Machi mashua ya uvuvi ilizama karibu na visiwa vya Vestmannaeyjar, kusini mwa Iceland. Maji yalikuwa na nyuzi joto tano au sita, baridi inayomuua mtu wa kawaida chini ya saa moja. Mvuvi mmoja kijana, Guðlaugur Friðþórsson, aliogelea kilomita zaidi ya tano kwa muda wa saa tano hadi sita, akafika nchi kavu, akatembea pekupeku juu ya mawe ya volkano mpaka mjini. Wenzake wote walikufa. Madaktari walipompima walikuta mafuta chini ya ngozi yake ni milimita 14, mara mbili au zaidi ya mtu wa kawaida, na magumu kiasi kwamba watu walimfananisha na sili. Milimita 14 tu. Hiyo ndiyo iliyotenganisha uhai na kifo.

Turudi kwa kiboko, maana baada ya kusikia haya mtu atauliza kwa nini yeye, anayeshinda majini kutwa, hakupewa mafuta. Jibu ni kwamba hana baridi ya kuikimbia. Maji ya Kilombero ni ya vuguvugu, na adui yake ni jua. Ngozi ya kiboko, pamoja na unene wake, hupoteza maji upesi mno, na akikaa juani muda mrefu hupasuka. Ndiyo sababu anashinda mtoni na kutoka usiku kwenda kula majani, kilo 40 hivi kwa usiku mmoja. Anapokuwa nje hutoa ute mwekundu ambao watu wa zamani waliudhania ni damu. Mwaka 2004 wanakemia wa Japani walieleza rangi zilizomo: zinazuia mionzi ya jua na kuua baadhi ya bakteria. Mnyama wa namna hii akivikwa shahamu ya sentimita 15 ataiva akiwa hai.

Hapo ndipo palipo na kanuni inayostahili kutazamwa, kwa sababu inaonekana kila upande wa Afrika Mashariki mtu anapogeuza macho. Wanyama wa nchi za joto nao wanahitaji akiba ya mafuta, maana kiangazi ni njaa. Lakini hawayatandazi mwilini. Huyakusanya mahali pamoja ili sehemu iliyobaki iweze kutoa joto. Kondoo wa Kimasai huweka kwenye mkia. Ngamia wa Marsabit, Kenya, huweka kwenye nundu, ambayo inaweza kuwa na zaidi ya kilo 30 za mafuta na wala si tangi la maji kama wengi wanavyoamini. Ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma walioshuka hadi Kilombero na Malinyi wana nundu ya msuli uliochanganyika na mafuta. Sheshe, swala wa bonde hili ambaye wakati fulani robo tatu ya wote waliobaki duniani walihesabika hapa Kilombero, hana hata hiyo. Amekonda mwaka mzima. Kadiri unavyoelekea kwenye barafu mambo yanageuka: mafuta yanatoka kwenye fungu yanatandazwa mwili mzima.

Nguva anathibitisha. Yule wa Rufiji na Mafia, ambaye sasa ni adimu mno, anakula majani ya bahari katika maji ya moto na hawezi kuvumilia baridi. Alikuwa na jamaa yake kaskazini, kwenye Bahari ya Bering kati ya Urusi na Alaska. Georg Steller, daktari na mwanasayansi aliyevunjikiwa na meli huko mwaka 1741, alimkuta na kumweleza: mnyama wa mita saba au nane, mpole, asiye na meno, mwenye mafuta ya sentimita nane hadi kumi chini ya ngozi iliyokakamaa kama gome la mti. Ukoo mmoja, bahari mbili, unene wa mafuta tofauti kabisa. Mabaharia waliyapenda mafuta hayo kwa ladha na kwa kuwa hayakuharibika upesi. Kufikia mwaka 1768, miaka 27 tu baadaye, nguva huyo alikuwa ametoweka duniani.

Si kila mnyama wa baridi aliyefuata njia ya shahamu. Fisi maji, anayeogelea katika mito ya Tanzania akiwinda samaki na kaa, ana ndugu katika bahari baridi ya Alaska na California ambaye hana shahamu kabisa. Anategemea manyoya mazito kuliko ya mnyama yeyote, hata nywele 150,000 katika eneo la sentimita moja ya mraba, zinazoshika hewa ili maji yasiguse ngozi. Bei yake ni kubwa. Kila siku lazima ale chakula cha karibu robo ya uzito wake, la sivyo moto wa ndani unazimika. Dubu wa barafuni anatumia vyote, manyoya na mafuta yanayofika sentimita kumi. Matokeo yake akikimbia kidogo tu anazidiwa na joto, huko huko kwenye theluji.

Kizuizi cha baridi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ghala. Gramu moja ya mafuta ina nishati zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga, na mwili unapoichoma hutoa pia maji, jambo muhimu kwa mnyama anayeishi kwenye chumvi bila kisima. Wakazi wa bonde wanalijua ghala la namna hii katika umbo dogo: kumbikumbi wanaotoka na mvua za kwanza, ambao wakikaangwa hawahitaji mafuta ya ziada, wanabeba akiba ya kumwezesha malkia mpya kuanzisha kichuguu bila kula.

Nyangumi nundu hufanya hivyo kwa kipimo cha kutisha. Katika majira ya joto ya kusini, Desemba hadi Aprili hivi, hula krili, vidubwana jamii ya kamba, kwa tani nzima na zaidi kwa siku. Kisha huacha kula. Safari yote ya kuja Msumbiji, Mtwara, Mafia, Unguja na Kenya, miezi ya kukaa, kuzaa, kunyonyesha na kurudi, huendeshwa karibu yote na ile shahamu. Mama mwenye mtoto ndiye anayelipa zaidi. Mtoto huzaliwa na urefu wa mita nne na ushee na uzito wa kama tani moja, na hunyonya maziwa mazito ambayo karibu nusu yake ni mafuta. Kwa maneno mengine, mama anamhamishia mwanawe shahamu yake kwa njia ya ziwa. Anaporudi kusini amepungua hata theluthi ya uzito.

Kwa nini basi asumbuke kuja huku kusiko na chakula? Maelezo ya zamani, na yanayopendwa na waongoza watalii, ni kwamba mtoto huzaliwa na shahamu nyembamba na angekufa kwa baridi. Maelezo hayo yana doa: nyangumi wa Aktiki huzaa katikati ya barafu, na watoto wao wanaishi. Watafiti wengine wanaona kwamba mama anawakimbia nyangumi wauaji, ambao ni wengi zaidi kwenye bahari baridi na hupenda sana watoto. Wengine wanasema ni ngozi: katika maji ya baridi kali nyangumi hubana damu ndani ili kutunza joto, ngozi haipati lishe ya kujibadilisha, na safari ya kuja kwenye joto ni nafasi ya kuambua ngozi ya zamani. Mjadala haujafungwa. Yawezekana yote matatu yana sehemu yake.

Kuna sili mmoja wa Atlantiki ya kaskazini ambaye ameufupisha mpango huu mpaka mwisho wake. Huzaa juu ya barafu inayoelea, inayoweza kupasuka wakati wowote, kwa hiyo hunyonyesha siku nne tu. Maziwa yake ni mafuta kwa asilimia 60. Mtoto anayezaliwa na kilo 25 huachishwa akiwa na 50, akiwa mviringo, amefungwa shahamu, na mama anaondoka bila kugeuka nyuma.

Akiba kama hiyo haikukosa kuonekana na binadamu. Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada na Greenland hula ngozi ya nyangumi pamoja na mafuta yake, na hapo hupata vitamini C katika nchi isiyo na mchungwa wala mchicha. Huo ni ulaji wa nyumbani. Biashara ilikuwa jambo jingine. Meli za Kimarekani zilizovinjari Bahari ya Hindi katika karne ya 19 zikiwinda nyangumi zilitia nanga Zanzibar mara nyingi. Zilichemsha shahamu katika matangi ya chuma juu ya sitaha na kujaza mapipa mafuta ya kuwashia taa za miji ya kwao. Kwenye pwani hiyo hiyo wenyeji walikuwa na mafuta yao, sifa, yanayotolewa kwenye maini ya papa na kupakwa majahazi ili mbao zisile maji. Lakini papa mmoja na jahazi moja ni hesabu ndogo.

Karne ya 20 ilieneza mizinga ya chusa, meli za injini na viwanda vinavyogandisha mafuta ya nyangumi kuwa majarini na sabuni. Kituo cha Durban kiliwinda tangu 1908 hadi 1975, kwenye njia ile ile wanayopita nyangumi wanaokuja kwetu. Katika nusu ya kusini ya dunia nyangumi nundu zaidi ya 200,000 waliuawa ndani ya karne hiyo. Ulinzi ulitangazwa 1963, Wasovieti wakaendelea kuwinda kwa siri kwa miaka mingine, na usitishaji wa uwindaji wote wa kibiashara ukaanza kutumika 1986. Tangu hapo idadi imepanda vizuri. Wavuvi wa Mafia wa leo wanaona migongo ambayo baba zao hawakuwa wakiiona mara kwa mara.

Kuna jambo moja kuhusu shahamu ambalo linawahusu wakazi wa Lipangalala moja kwa moja, nalo halina uhusiano na barafu. Mafuta hushika sumu. Kemikali za jamii ya DDT, zilizotumika kwa wingi Afrika Mashariki dhidi ya mbu na wadudu wa mazao katika miongo iliyopita, haziyeyuki vizuri kwenye maji bali kwenye mafuta. Zikiingia mtoni husafiri na tope, huingia kwa vijidudu, kisha samaki, kisha anayekula samaki, na kila hatua zinaongezeka. Nyangumi nundu hapo ana nafuu kwa sababu anakula kusini, si kwetu. Pomboo wa pwani hana pa kukimbilia: ni mkazi, anakula hapa hapa mwaka mzima.

Mwaka 2010 watafiti wakiwamo Haji Mwevura na Omar Amir walichapisha matokeo ya kupima shahamu ya pomboo walionaswa kwa bahati mbaya katika nyavu za Zanzibar. Habari kubwa ilikuwa njema: kemikali za viwandani zilikuwa kidogo sana ukilinganisha na bahari za Ulaya na Marekani, na nyingi zilizokutwa ni zile zinazotengenezwa na viumbe wa baharini wenyewe. Lakini nyuma yake vilifuata viuatilifu, DDT ikiwamo. Na jike la pomboo hupunguza mzigo huo kwa njia moja tu, ile ile ya maziwa, kwa hiyo mzaliwa wa kwanza ndiye anayepokea sehemu kubwa.

Viuatilifu vingi vinavyouzwa leo kwenye maduka ya pembejeo ya Ifakara huoza upesi kuliko DDT, na mkulima wa mpunga hawezi kulaumiwa kwa kupambana na wadudu. Analoweza kufanya ni dogo na halina gharama. Chupa ya dawa ikiisha isisuuzwe kwenye Mto Lumemo wala kwenye mfereji wa mashamba. Isuuzwe mara tatu, maji hayo yamiminwe ndani ya bomba la kunyunyizia na yaishie shambani, kisha chupa itobolewe ili mtu asije akachotea maji ya kunywa. Maji ya Lumemo huingia Kilombero, na ya Kilombero huishia mbele ya Mafia.